EUMETView kwa Watu wa Bahari: Kukitafuta Kitovu cha Dhoruba Dhaifu Ukiwa Lamu

Ukurasa wa EUMETView ni mali ya EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya linaloendesha setilaiti za hali ya hewa, na mtu yeyote mwenye simu au kompyuta anaweza kuufungua na kutazama picha za mawingu bila kulipa na bila kujiandikisha. Nimeutumia kwa misimu mitatu hapa Lamu, nikiwa karani wa kikundi cha wavuvi, na ninautathmini kwa kazi moja tu, nayo ni kufuatilia dhoruba changa na dhaifu zinazojikusanya kaskazini mwa Madagaska na karibu na visiwa vya nje vya Shelisheli: kujua kama zinajipanga au zinasambaratika, na kujua zinaelekea wapi. Kimbunga kilichokomaa kina jicho ambalo hata mtoto ataliona kwenye picha, na habari zake hutangazwa redioni asubuhi na jioni. Dhoruba dhaifu ndiyo inayowatatiza manahodha, kwa sababu leo ni rundo la mawingu lisilo na umbo, kesho limejipinda kidogo, keshokutwa limetoweka, na katika siku hizo tatu uvumi huwa umekwisha zunguka kutoka Kiunga hadi Malindi na kurudi.

Ni kweli kwamba Lamu si mahali pa vimbunga. Mji wetu uko nyuzi mbili na robo kusini mwa ikweta, na dhoruba ya kitropiki huhitaji msaada wa mzunguko wa dunia ili upepo ujipinde kuizunguka, msaada ambao karibu na ikweta ni hafifu mno; ndiyo maana ni nadra dhoruba kuzaliwa au kudumu ndani ya nyuzi tano za ikweta. Hata hivyo pwani ya Waswahili ina kumbukumbu zake. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu, na Aprili 1952 kingine kikatua Lindi. Mwaka 2021 dhoruba Jobo ilififia ikikaribia pwani ya Tanzania. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimekwisha dhoofika, na kabla ya mwezi huo kwisha Ialy ikapanda kuelekea kaskazini katika bahari iliyo mashariki ya Kenya. Kwa mvuvi wa Kizingitini au nahodha wa jahazi la mizigo, la kuogopwa mara nyingi si dhoruba yenyewe bali mawimbi marefu inayoyatuma kutoka mbali, ambayo hutangulia kufika na kupasuka kwenye mlango wa Shela siku ambayo mbingu ni safi na upepo ni wa kawaida. Mtu anayetaka kujua mawimbi hayo yanatoka wapi na yatadumu siku ngapi hana budi kujua kitovu cha dhoruba kiko wapi.

Ubora wa kwanza wa huduma hii kwetu unatokana na mahali iliposimama setilaiti. Picha za Bahari Hindi hupigwa na Meteosat-9, iliyorushwa Desemba 2005 na ambayo tangu mwaka 2022 imewekwa juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 45.5 mashariki. Ukiitafuta nukta hiyo kwenye ramani utaiona baharini, mashariki ya Kismayu, kiasi cha kilomita 570 tu kutoka Lamu. Setilaiti iko juu karibu kilomita 36,000 na huenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imesimama utosini mchana na usiku, ikipiga picha moja kila dakika 15. Manufaa yake ni makubwa kuliko mtu anavyodhani. Wingu refu la mvua likitazamwa kwa mshazari, kilele chake huonekana kimesogea mbali na mahali wingu lilipo kwa kweli, na anayepima masafa kwa picha ya namna hiyo hukosea kabla hajaanza. Sisi tunayatazama mawingu kutoka juu moja kwa moja, kwa hiyo kosa hilo ni dogo, na kila pikseli, yaani nukta moja, ya picha ya kawaida inabaki na upana wa kilomita 3 hivi badala ya kuvutika kama inavyovutika kwa walio pembeni mwa duara la dunia analoliona setilaiti. Ipo setilaiti mpya zaidi ya shirika hilohilo, Meteosat-12, ambayo hupiga picha kila dakika 10 na kwa uwazi zaidi, lakini imesimama juu ya longitudo ya sifuri, upande wa pili wa Afrika, na kutoka huko Lamu iko kando. Kwa dhoruba ndogo ninalipendelea jicho la zamani lililo juu yetu.

Kuhusu ukurasa wenyewe sina mengi. Unachagua aina ya picha kutoka kwenye orodha, unaivuta ramani hadi sehemu unayoitaka, kisha unarudisha saa nyuma ili kuzitazama picha zikifuatana kama sinema. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na majina ya picha ni ya kitaalamu kiasi kwamba mgeni hupotea siku ya kwanza. Ni lazima ahakikishe amechagua picha za Bahari Hindi, la sivyo atatazama zile zinazopigwa kutoka juu ya sifuri na kushangaa kwa nini Shelisheli iko ukingoni. Saa zinazoandikwa ni za dunia, ambazo ziko saa tatu nyuma ya saa za Kenya. Hapo kuna njia fupi niliyowafundisha wenzangu, kwa kuwa sisi husoma saa kwa Kiswahili: chukua saa iliyoandikwa kwenye picha, ondoa tatu, na utapata saa yetu. Picha ya saa 06 ni ya saa 3 asubuhi. Picha ya saa 12 ni ya saa 9 alasiri. Jibu likizidi 12, toa 12, na saa iliyoandikwa ikiwa 03 au chini yake, ongeza 12 kwanza. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nimeshuhudia mtu akiitangaza kwa hofu kuwa ni ya alfajiri hiyo picha iliyokuwa ya usiku wa manane.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na nitaieleza kwa kisa kimoja cha mwezi wa Aprili, wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika.

Rundo la mawingu lilikuwa limejikusanya kaskazini mashariki ya Madagaska kwa siku mbili. Halikuwa limepewa jina. Baadhi ya manahodha wetu walikuwa wamejiunga na programu moja ya simu ya kulipia, ambayo sitaitaja, na programu hiyo ilikuwa imechora mstari mwekundu ulionyooka kutoka kwenye wingu hilo hadi kaskazini mwa kisiwa cha Pate. Usiku wa pili mambo yalionekana kuzidi kuwa mabaya: wingu lilifura, vilele vyake vikawa vyeupe pepepe kwenye picha za joto, zile ambazo kilicho baridi huonekana cheupe, na kwa muda wa saa sita likaonekana limeruka zaidi ya kilomita 150 kuelekea magharibi, yaani kutujia. Mstari ule mwekundu ukasogezwa, ukaja kukomea Lamu. Kabla ya sala ya alfajiri simu yangu ilikuwa imejaa maswali, na mmoja wa wauliza, nahodha mzee aliyevuka bahari hii tangu enzi za tanga bila mashine, alikuja mwenyewe ofisini akaketi nami mbele ya kompyuta. Aliitazama picha ya joto kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wingu hili tumbo lake naliona. Kitovu chake ki wapi?"

Sijapata kusikia swali lililonyooka zaidi ya hilo katika jambo hili, na ningependa kila anayefungua EUMETView aanze nalo. Dhoruba si wingu. Dhoruba ni upepo unaozunguka mahali pamoja, na kwetu kusini mwa ikweta unazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Katika kimbunga kilichokomaa, wingu kubwa na kitovu cha mzunguko vimekaa pamoja, kimoja juu ya kingine, na ukikipata kimoja umekipata cha pili. Katika dhoruba dhaifu huenda vimetengana. Upepo wa juu, kilomita kumi na zaidi kutoka baharini, ukivuma kwa nguvu na kwa mwelekeo tofauti na ule wa chini, huyasukuma mawingu marefu upande mmoja na kuuacha mzunguko wa chini wazi upande wa pili, kama mtu aliyevuliwa kanzu na upepo. Anayelifuata wingu katika hali hiyo anaifuata kanzu na kumwacha mwenyewe nyuma.

Usiku ule tusingeweza kumpata mwenyewe kwa picha za EUMETView, na hapa ndipo udhaifu mkubwa wa picha za joto ulipo. Picha hizo, za infraredi, hupima joto la uso wa kile kilicho chini ya setilaiti: vilele vya mawingu marefu ni baridi sana, mara nyingine chini ya nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri, na huonekana vyeupe, bahari ni ya joto na huonekana nyeusi. Tatizo ni vijiwingu vya chini, vile vinavyouzunguka mzunguko wa chini na kuuonyesha. Joto lake halitofautiani sana na joto la bahari, kwa hiyo usiku vinamezwa na kiza cha maji. Unabaki kuliona tumbo tu. Tena mawingu marefu ya baharini yana tabia ya kufura usiku na kufikia kilele chake karibu na alfajiri, kisha kunywea mchana, iwe dhoruba inajipanga au haijipangi. Wingu lililotutisha lilikuwa limefanya kile ambacho mawingu ya bahari hufanya kila usiku, na "mruko" wake wa kilomita 150 ulikuwa ni wingu jipya kuchipuka upande wa magharibi huku la zamani likifa mashariki. Hakuna kilichosafiri.

Tulisubiri jua. Picha ninayoithamini kuliko zote kwenye ukurasa huu ni ile inayoitwa ya rangi asilia, ijapokuwa rangi zake si asilia hata kidogo. Imetengenezwa kwa kuunganisha aina tatu za mwanga, mmoja wao ukiwa ule ambao barafu huufyonza, na matokeo yake ni kwamba mawingu marefu yenye barafu huonekana ya rangi ya feruzi, ilhali mawingu ya chini yenye matone ya maji hubaki meupe au ya kijivu chepesi. Kwa macho ya mtu anayetafuta kitovu, hiyo ni sawa na kutenganishiwa kanzu na mwili. Picha ya saa 3 asubuhi ilipofika, feruzi ilikuwa imetapakaa kama zulia lililochanika, na nje ya ukingo wake wa mashariki, mahali ambapo picha ya usiku ilionyesha weusi mtupu, palikuwa na nyuzi nyembamba za vijiwingu vyeupe zilizojikunja. Nilizirudisha picha nyuma hadi ya macheo na kuzitazama zikifuatana, moja baada ya moja. Vijiwingu vya upande wa kusini vilikuwa vikienda magharibi, vya upande wa magharibi vikipanda kaskazini, vya upande wa kaskazini vikirudi mashariki. Nahodha aliweka ncha ya kidole katikati yake kwenye kioo na hakukiondoa hadi nilipoandika latitudo na longitudo. Kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 120 mashariki ya ukingo wa mawingu marefu, karibu na nyuzi 9 kusini na nyuzi 50 mashariki, na mstari ule mwekundu wa programu ya kulipia ulikuwa umeanzia katikati ya zulia.

Umbali huo kati ya kitovu na wingu si kasoro ya picha. Ni habari yenyewe. Vernon Dvorak, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alibuni katika miaka ya 1970 njia ya kukadiria nguvu ya dhoruba kwa kulitazama umbo lake tu kwenye picha za setilaiti, na njia hiyo bado inatumika katika vituo vya vimbunga duniani kote. Huipa dhoruba namba kutoka 1 hadi 8. Ikiwa mawingu yamejipanga katika mkanda uliopinda, hupimwa ni sehemu gani ya duara ambayo mkanda huo umeizunguka: ukizunguka nusu hivi, namba ni 2.5, inayolingana na upepo wa kilomita 65 kwa saa, nguvu ambayo kwa kawaida huipatia dhoruba jina katika sehemu yetu ya Bahari Hindi. Ukikamilisha duara na kulipita kidogo, namba ni 4, na upepo ni kama kilomita 120 kwa saa, mlangoni mwa kimbunga kamili. Ikiwa kitovu kimeachwa wazi, hutazamwa kiko mbali kiasi gani na ukingo wa mawingu mazito, na kadiri kilivyo mbali ndivyo namba inavyokuwa ndogo. Mimi si mtaalamu na sijidai kutoa namba. Lakini maswali mawili ya Dvorak, mkanda umezunguka kiasi gani na kitovu kiko mbali kiasi gani na wingu, yanaweza kuulizwa na mtu yeyote aliye tayari kutazama kwa subira, na EUMETView inampa picha za kutosha kuyajibu mchana. Siku ile mkanda haukuwepo kabisa, na kitovu kilikuwa peke yake kwenye jua.

Ndipo likaja swali la mwendo, ambalo kwa dhoruba dhaifu linadai uangalifu wa aina yake. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikikiweka alama kitovu kila baada ya saa tatu na kukokotoa kasi hapohapo, na kila mara nilipata majibu ya ajabu: mara dhoruba inakimbia, mara imesimama, mara inarudi ilikotoka. Sababu ni rahisi. Kitovu cha dhoruba dhaifu hakionekani kama nukta. Ukikikosea kwa kilomita 60 bado umefanya kazi nzuri. Kosa la kilomita 60 likigawanywa kwa saa tatu linakupa kilomita 20 kwa saa za uongo, na dhoruba yenyewe huenda inakwenda 14 tu. Sasa ninalinganisha mchana na mchana, saa 24 zikiwa kati yake, kwa picha za saa ileile na za aina ileile. Asubuhi iliyofuata tulikikuta kitovu karibu na nyuzi 47 mashariki, kwenye latitudo ileile, si mbali na kisiwa cha Aldabra. Nyuzi tatu za longitudo katika latitudo hiyo ni kama kilomita 330, yaani chini kidogo ya kilomita 14 kwa saa, kuelekea magharibi moja kwa moja. Kutoka hapo hadi Lamu palikuwa pamebaki kilomita elfu moja hivi, na dhoruba haikuwa inakuja Lamu.

Kwa nini ilielekea magharibi na si kaskazini magharibi kama mstari mwekundu ulivyodai? Dhoruba yenye nguvu ina kimo. Hubebwa na wastani wa pepo za tabaka lote nene la hewa. Dhoruba iliyovuliwa mawingu yake imebaki kuwa fupi, ni kisulisuli cha chini tu, na hubebwa na pepo za chini, ambazo kusini mwa ikweta kwa msimu huo ndizo zinazovuma kutoka mashariki na kusini mashariki. Programu inayoiwekea dhoruba dhaifu njia ya dhoruba nene huipeleka kusiko. Anayetazama picha za rangi asilia anaweza kuuona upepo unaoibeba kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu vijiwingu vidogo vilivyotawanyika nje ya mzunguko vinakwenda nao. Huvitazama hivyo kabla ya kukitazama kitovu, na mara chache vimenidanganya.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kazi imekwisha mtu akishakipata kitovu mara moja. Dhoruba dhaifu inaweza kuwa na vitovu viwili au vitatu vidogo vinavyozungukana, na wingu jipya likifura kwa muda wa kutosha mahali pamoja, kitovu kipya kinaweza kuzaliwa chini yake na kile cha zamani kikafa. Lilinitokea msimu uliotangulia kisa hicho: niliushikilia mzunguko mmoja mzuri uliokuwa wazi kwenye jua kwa siku nzima, nikawaambia watu kwamba mambo yamekwisha, na kumbe kilomita mia mbili kutoka hapo, chini ya wingu la feruzi nisiloweza kuona ndani yake, mzunguko mwingine ulikuwa umejikaza. Haukutufikia, lakini tangu siku hiyo sisemi "imekwisha" hadi siku mbili zipite bila wingu kurudi juu ya kitovu. Ndiyo tahadhari ambayo Hidaya pia ilifundisha kwa upande wa pili: kwenye picha za Mei 3, 2024 ilikuwa na umbo la kimbunga kamili, na siku iliyofuata, ikiukaribia ufuo wa Tanzania, ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Umbo la jana halikopeshi la leo.

Kile ambacho EUMETView haiwezi kukupa kwa picha hizi ni upepo wa juu ya maji chini ya mawingu. Kwa hilo unahitaji setilaiti za aina nyingine, zinazopita chini zaidi kutoka ncha hadi ncha ya dunia. Metop-B na Metop-C, za EUMETSAT pia, zina rada iitwayo ASCAT inayosoma mikunjo midogo ambayo upepo huiweka juu ya bahari na kuigeuza kuwa mishale ya mwelekeo na kasi. Hupita kwetu karibu na saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku, na michoro yake huonyeshwa bure na NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani. Ni chombo cha thamani kubwa usiku, pale picha za joto zinaposhindwa. Lakini rada hiyo husoma mikanda miwili, kulia na kushoto kwa njia ya setilaiti, na katikati huacha pengo, na dhoruba ndogo huweza kuangukia pengoni siku mbili mfululizo. Zipo pia picha za mawimbi ya maikro zinazopenya mawingu ya juu na kuonyesha mikanda ya mvua iliyo chini, na Chuo Kikuu cha Wisconsin cha Marekani huchapisha ramani za tofauti ya upepo kati ya juu na chini, ambazo ukizitazama jioni unajua kama kanzu itavuliwa usiku huo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Ninaifungua EUMETView kwanza kwa sababu ndiyo pekee kati yake inayonipa picha mpya kila robo saa.

Vilevile haitabiri, na hilo ninalihesabu kuwa uaminifu. Hakuna mstari mwekundu. Inakuonyesha kilichopo, na utabiri unaachiwa wenye kazi hiyo: kituo cha kisiwa cha Réunion kinachoendeshwa na Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, chenye dhamana ya vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari Hindi, na kwa upande wetu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Katika kikundi chetu kanuni ni kwamba hakuna chombo kinachotoka kwa sababu karani ameona picha nzuri. Onyo la Idara likiwepo, vyombo vinabaki. Picha zinatusaidia kulielewa onyo, kuuzima uvumi, na kujua ni lini tuanze kutengeneza nyavu badala ya kukaa ufuoni tukikisia.

Gharama yake halisi ni bando. Sinema ya saa 24 ina picha 96 zikichukuliwa zote, na kwa mtu anayenunua data ya siku kwa siku hilo ni zito. Ninachukua moja kwa kila saa, na kwa eneo dogo tu kati ya Lamu, Komoro na Shelisheli, na kwa dhoruba inayokwenda kilomita 14 kwa saa sijawahi kukosa chochote cha maana kwa kufanya hivyo, ila katika saa mbili za kwanza baada ya macheo, ambapo mwanga wa mshazari huvikuza vivuli vya vijiwingu na kila picha ina jambo jipya. Hapo huchukua zote. Kwenye kioo cha simu vijiwingu hivyo havionekani vizuri. Kazi ya kitovu inataka kompyuta, hata iwe ya zamani.

Kwa nahodha mmoja mmoja anayetaka kujua kama leo kuna upepo, sipendekezi ukurasa huu, utamchosha. Kwa kikundi cha wavuvi, kwa mwenye majahazi ya watalii Malindi au Shela, kwa mwalimu wa jiografia, na kwa yeyote mwenye jukumu la kuwajibu watu wenye hofu, sijaona cha bure kinachoukaribia. Ningeomba tu maelezo ya picha yaandikwe pia kwa lugha za watu wanaoishi chini ya setilaiti hiyo, kwa kuwa kutoka Kismayu hadi Komoro Kiswahili, pamoja na ndugu zake, ndiyo lugha ya walio wengi baharini.

Dhoruba ile ya Aprili iliingia nchi kavu kusini mwa Tanzania siku ya tano, ikiwa mvua tu. Nahodha mzee aliondoka na mangrovu, yaani boriti za mikoko, kuelekea Mombasa jioni ya siku ya tatu, baada ya kuvisubiri vilele vya mawimbi pale mlangoni vipungue, na alipofika alinipigia simu kuniuliza kama kile kitovu bado kiko Aldabra au kimesogea.